Vaa Ile Nzito

Kitambaa cha televisheni ndicho kilichoanza kuondoka mahali pake. Agar alikuwa amekifuma kwa mkono wake, uzi mweupe wenye maua ya njano pembeni, na kila asubuhi kabla ya kutoka alikitandaza juu ya kioo ili vumbi la barabara lisiingie. Alasiri akirudi anakikuta kimekunjwa vizuri juu ya mkono wa kiti, kama kinavyokunjwa na mtu aliyelelewa. Mara ya kwanza alidhani ni binti yake, Émerence. Mara ya pili alimwuliza. Émerence alikuwa akisoma lycée, shule ya sekondari, na hakuwa mtu wa uongo. Alisema hajaigusa televisheni ile tangu kaka yake apotee.

Akainama, akaokota chini ya kiti manette ya mashine ya michezo, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, akaipindua mkononi.

"Mama," akasema taratibu, "iko na maji."

Agar aliichukua. Kweli, kati ya vitufe maji yalikuwa yametuama. Alinusa vidole vyake. Yalinuka matope ya ziwa na samaki wa kukaushwa, harufu ile inayoingia sokoni pamoja na magunia kutoka Kinkondja. Lakini nyumba yao ilikuwa Kamina mjini, mbali kabisa na ziwa, na kiangazi kilikuwa bado kimekaza. Hata mfereji wa barabarani ulikuwa umepasuka kwa ukavu.

Émerence alirudi nyuma hadi ukutani. Agar hakuogopa. Moyo wake uliruka kama wa mtu aliyesikia mlango ukifunguliwa saa ile ile anayomngoja mwanawe.

Agar alikuwa mjane. Mumewe, mwalimu Kapenda, alimwachia nyumba ya matofali nyuma ya kanisa la Wamethodisti, cherehani ya kushonea sare za shule, na watoto wawili. Mkubwa alikuwa Manassé, na kwa jina lake mtaa mzima ulimwita Mama Manassé. Kijana huyo alikuwa fundi. Alitengeneza redio na televisheni, na zaidi ya hizo alitengeneza phonie, zile mashine ambazo misheni na wenye biashara ya samaki walizitumia kuzungumza kutoka mji hadi mji.

Mashine ya michezo aliipata kwenye base ya jeshi, nje ya mji. Ilikuwa miaka ya mwisho ya Zaire. Wageni waliokuwa wakifundisha mambo ya ndege walifunga mizigo yao kwa haraka wakaenda zao, na mmoja wao akamwachia Manassé mashine iliyokufa, yenye kaseti moja ndani yake. Manassé akaifufua. Toka hapo, kila jioni sebule ya mwalimu Kapenda ikawa uwanja wa vita.

Kaseti ile ilikuwa ya mashujaa wa kizungu wa zamani, watu wa panga na ngao. Kabla vita havijaanza, shujaa anasimama mbele ya lango, na pembeni yake yametundikwa mavazi mawili. La kushoto ni deraya nzito, chuma kuanzia utosini hadi ncha ya mguu, na kofia inayofunika uso wote. La kulia ni deraya nyepesi, ya ngozi, kichwa wazi. Kidole cheupe kinacheza kati ya hayo mawili kikimngoja mchezaji aamue. Mwenye chuma anapigwa rungu, anapigwa mashoka, na haanguki upesi; lakini anatembea kama mama mwenye mimba ya mwezi wa tisa, na mwisho wa njia uko mto, na mto haumtaki. Akitia mguu anazama, anarudi nyuma. Mwenye ngozi anaanguka kwa mapigo machache, lakini akifika mtoni anavuka. Tena ukishavaa huvui. Mpaka uanguke, ndipo mchezo ukurudishe langoni uchague upya.

Manassé alicheza na rafiki yake Bokungu, koplo wa base, mtu wa mkoa wa Équateur aliyekuja mkoa wa Shaba na jeshi akaoa huku huku. Wote wawili walipenda ngozi. Bokungu, ambaye vita vya kweli alivijua, alisema kwamba porini mwenye kukimbia ndiye anayerudi kwa mkewe. Agar alikuwa akikaa nyuma yao akichambua maharagwe kwenye ungo. Mchezo hakuuelewa, lakini mavazi aliyaelewa.

"Mwanangu, vaa ile nzito," alikuwa akisema kila mara.

"Mama, na ile sitavuka."

"Unataka kuvuka uende wapi?"

Nao vijana walicheka, naye alicheka pamoja nao.

Mwezi wa sita, wakati wa baridi, misheni moja ya upande wa Kinkondja iliomba fundi wa phonie. Bokungu alikuwa na ruhusa ya kupumzika, akasema atamsindikiza. Alfajiri ya safari ukungu ulikuwa umelala juu ya paa, na Agar alitoka na koti la jeshi alilolinunua kwa mke wa askari mmoja kwenye soko la base, koti zito, refu hadi magotini, la kitambaa kigumu kama blanketi mbili. Manassé alisema litamchosha. Agar hakumsikiliza. Alimvalisha mwenyewe, akamfunga vifungo vyote mpaka shingoni, mtu mzima mwenye ndevu, naye Manassé akasimama akiwa ameinua kidevu, akimwachia mama yake afanye anavyotaka.

Upepo uliwakuta katikati ya ziwa Kisale. Mtumbwi ulipinduka. Bokungu alirudi Kamina peke yake, miguu mitupu, na alipofika mbele ya nyumba alikaa chini kwenye mchanga bila kubisha. Wavuvi wa Sanga, kando ya ziwa, walitafuta na nyavu zao, wakatafuta ndani ya matete, wasipate kitu.

Pasta Malachie, mdogo wake marehemu Kapenda, alikuja na kina mama wa kanisa na mikeka ili kilio kianze. Agar aliwazuia mlangoni.

"Munaleta mikeka kwa kulilia nani?" akawauliza. "Muniletee kwanza muntu."

Wakarudi na mikeka yao. Agar hakunyoa nywele, hakufunga kitambaa cheusi, hakulala chini. Kwenye meza ya chakula aliendelea kuweka sahani ya Manassé, na watu walipompa pole aliwaangalia kama watu waliokosea nyumba. Ndivyo alivyokaa mpaka siku zile za kitambaa.

Baada ya manette kukutwa na maji, Agar alianza kurudi nyumbani mapema. Jumatano moja alitoka kwenye mkutano wa kina mama kabla ya sala ya mwisho. Mtaa haukuwa na umeme tangu asubuhi. Mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa kimya na wanawake walikuwa wamekaa juu ya mabeseni yao wakingoja. Agar alipofika uani kwake alisikia muziki. Ulikuwa ule muziki wa lango, tarumbeta nyembamba zinazojirudia, ambazo jioni zote zile alizisikia akichambua maharagwe.

Akafungua mlango. Sebuleni mapazia yalikuwa yamefungwa na televisheni ilikuwa ikiwaka. Waya wake ulikuwa umelala sakafuni, haukuchomekwa popote. Kwenye kioo shujaa amesimama mbele ya lango, na kidole cheupe kilikuwa kikisogea polepole, chenyewe, kutoka kushoto kwenda kulia, kikakaa juu ya ngozi. Kikatulia. Kiti cha Manassé kilikuwa kimebonyea katikati kama kinavyobonyea chini ya mtu, na matone ya maji yalikuwa yakidondoka kutoka ukingoni mwake, moja baada ya jingine, juu ya saruji.

Agar alifunga mlango nyuma yake. Akapiga magoti karibu na kile kiti, akaiokota manette iliyokuwa baridi kama jiwe la kisimani.

"Hapana, mwanangu," akanong'ona. "Vaa ile nzito."

Akasukuma kidole cheupe kushoto, akabonyeza.

Chuma kikamvaa shujaa kipande kwa kipande, kifua, mabega, mikono, na mwisho kofia ikashuka juu ya uso ikafunga. Shujaa akageuka akaanza kutembea. Agar, ambaye hakuwahi kugusa vitufe vile, alijikuta anajua namna ya kumkinga na mapigo. Alimpeleka mpaka mtoni. Shujaa akatia mguu, akazama kidogo, akarudi. Akatia tena, akarudi. Mwishowe akasimama ukingoni akitazama ng'ambo, na Agar akakaa naye akimsimulia habari za mtaa, nani ameolewa, nani amehamia Bukama, mpaka giza la jioni lilipoingia na kioo kikazimika chenyewe.

Usiku huo alilala usingizi mzuri, wa kwanza tangu mwezi wa sita.

Toka siku hiyo likawa jambo la kila siku. Agar aliacha kwenda kanisani, sare za shule zikarundikana kwenye cherehani bila vifungo. Kila alasiri kidole kilikwenda kwenye ngozi, na kila alasiri Agar alikirudisha kwenye chuma. Shujaa wake hakuanguka hata mara moja. Alimlinda, akamfikisha mtoni, akamsimamisha pale. Alimwona kila siku akijaribu maji na kurudi, na hakujiuliza kwa nini kijana anajaribu.

Kisha chuma kile kikaanza kutoka nje ya kioo. Kwanza ilikuwa sauti: mchana, wakati televisheni imefunikwa, chuma kikikwaruza chuma ndani ya korido, polepole, hatua ya mtu aliyebeba kitu kisichobebeka. Halafu alama za maji kwenye saruji, nyayo pana zisizo na vidole, zikitoka sebuleni na kuishia mbele ya chumba cha Émerence. Halafu harufu, ile ya matope ya ziwa, na sasa ndani yake kutu, kutu nyingi, hata ugali ukawa na ladha ya msumari.

Na Émerence akaanza kuwa mzito.

Mwanzoni alisema miguu imechoka. Akawa anasimama kwenye ngazi ya baraza akiwaza kabla ya kuinua mguu. Wiki iliyofuata hakuweza kubeba ndoo, halafu hakuweza kubeba vitabu, halafu kijiko. Mwisho akabaki kitandani, chali, na kitanda kikalia chini yake. Majirani walimpeleka hospitali kwa mkokoteni. Wanaume waliomwinua walihema jasho likiwatoka, wakatazamana, maana msichana alikuwa mwembamba kama mti wa fagio. Lakini mizani ilionyesha uzito wa msichana mwembamba. Daktari alimpima damu, akamsikiliza kifua, hakuona ugonjwa. Akasema wamrudishe apumzike. Agar alipomwogesha jioni ile aliona michubuko mabegani mwa binti yake, mipana, miekundu, kama ya mikanda inayobeba mzigo.

"Mama," Émerence akasema bila kufungua macho. "Ile saa unamuvalisha Manassé chuma, njo inanifikia minyi, binti yako."

Agar alimfunika shuka. Alisema ni homa. Kesho yake alasiri, tarumbeta zilipolia, alisimama kwanza mlangoni mwa sebule kwa muda mrefu. Halafu akaingia.

Pasta Malachie alikuja kuomba. Aliomba kwa saa nyingi, mtu mnyenyekevu, mkono wake juu ya paji la Émerence, na wakati anaomba hatua za chuma zilipita koridoni, zikasimama mlangoni nyuma ya mgongo wake, na maji yakatiririka chini ya mlango yakalowesha viatu vyake. Hakukimbia. Alimaliza maombi yake, akasema amina, kisha akatoka uani akatapika. Alimwambia Agar kwamba yeye ni mtu wa Injili na hatamficha: jambo hili lina watu wake. Jioni akarudi na mwanamke mzima aitwaye Kyabu, mganga aliyejulikana kuanzia Kamina hadi kwenye maziwa kwa kufukuza majini na mizimu.

Kyabu alizunguka nyumba yote. Alipaka udongo mweupe kwenye vizingiti, akachoma majani yake, akaita majina ambayo Agar hakuyajua. Hakuna kilichojibu. Mwisho aliingia sebuleni akaweka kiganja juu ya kiti kilicholowa, akakaa hivyo muda, na uso wake ukabadilika. Alipotoka alichukua maji akafuta udongo wake kwenye vizingiti, kimoja kimoja.

"Lolo," akamwambia Agar, kwa neno la Kiluba la kumheshimu mama, "minyi ninafukuza kile kinaingia kwa nguvu. Huyu hakuingia kwa nguvu. Alipita hapa kuaga, na kuko muntu alimufungia njia. Huyo muntu njo atamufungulia."

"Na kama hatamufungulia?"

Kyabu aliangalia upande wa chumba cha Émerence, akachukua kikapu chake akaenda.

Agar alikasirika. Alisema watu wote wanamwonea wivu kwa kuwa mwanawe amemrudia. Lakini alasiri hiyo, akiwa ameketi na manette mkononi, alimsikia Émerence akipumua upande wa pili wa ukuta, pumzi fupi fupi zinazokwama, na shujaa wa chuma akatia mguu mtoni akarudi, akatia mguu akarudi.

Siku ya pili yake Bokungu akaja. Hakuwa amekanyaga pale tangu siku ile ya mchanga. Pasta alikuwa amemweleza yote. Alivua kofia yake ya kijeshi, akakaa kwenye baraza karibu na cherehani, na kwa muda mrefu alikuwa akiongea na zile sare zisizo na vifungo. Alieleza jinsi upepo ulivyotokea, jinsi walivyoshika mtumbwi uliogeuka, yeye upande huu na Manassé upande ule. Yeye alikuwa amekwisha kutupa koti na buti. Alimpigia rafiki yake kelele avue.

"Na yeye?" Agar akauliza.

"Mwanzo alikuwa anacheka, mama. Akasema, mama ataniuliza koti iko wapi. Nyuma ya kucheka akaanza kufungua. Vifungo vilikuwa vimekaza sababu ya maji. Nilimufikia. Nikafungua vya juu. Vile vya chini nilishindwa."

Agar alichukua sare moja juu ya cherehani, akaitazama, akaiweka mahali pake. Mbali, juu ya base, mawingu ya kwanza ya mvua yalikuwa yakipanda, meusi, na upepo ukaanza kusukuma majani makavu uani. Ndani Émerence alitoa sauti. Haikuwa kilio. Ilikuwa sauti ya mtu anayetaka kuvuta hewa na hewa imekataa.

Walimkuta kitanda kimekatika katikati na yeye amelala ndani yake kama ndani ya shimo, midomo ya buluu, kifua kimebonyea chini ya kitu kisichoonekana. Bokungu alitia mikono chini yake akavuta kwa nguvu zake zote za askari, hakumsogeza hata kidogo. Sebuleni tarumbeta hazikulia leo. Kulikuwa na sauti ya maji tu.

Agar aliingia peke yake. Kioo kilikuwa kikiwaka, waya ukiwa sakafuni, na shujaa hakuwa langoni. Alikuwa tayari mtoni, ndani ya chuma chake, pale alipomwacha jana, maji yamemfika kiunoni na hayashuki. Agar alishika manette akabonyeza hiki akabonyeza kile akitafuta namna ya kumvua, na ndipo alipokumbuka kwamba havuliwi, kwamba mwenye kuvaa anabaki na alichovaa mpaka aanguke, na kwamba wiki zote hizi yeye, mama, hakumruhusu kuanguka.

Akamgeuza. Akamrudisha kwenye njia, kuelekea kwa wale wenye marungu na mashoka ambao kila siku alimkinga nao, na walipomzunguka Agar aliondoa kidole chake kwenye kitufe cha ngao. Pigo la kwanza lilitua, na halikutua kwenye kioo tu, lilitua ndani ya sebule, chuma kikalia mpaka vikombe vikatikisika kabatini, na pigo la pili likatua, na shujaa akayumba lakini deraya ilikuwa nzito, deraya ilikuwa nzuri, ndiyo sababu aliipenda, haikumwachia aanguke, na wao wakaendelea kumpiga na yeye akaendelea kusimama akiwa ameigeuza kofia yake ile isiyo na uso kumwelekea mama yake, na mvua ikaangukia mabati kwa kishindo kimoja, na Agar akiwa amepiga magoti ndani ya maji yaliyokuwa yakipanda sakafuni, meno yamekaza, mkono wa kulia ukiushika mkono wa kushoto ili usimkinge, alimwomba mwanawe aanguke, aanguke sasa, baba, inatosha, lala chini, na alikuwa bado anaomba hivyo wakati goti la shujaa lilipokunjika, na kofia ikagonga ardhi, na chuma chote kikanyamaza.

Giza likakaa kwenye kioo. Halafu lango.

Kidole cheupe kilisogea polepole kwenda kulia. Kikakaa juu ya ngozi. Kikangoja.

Agar alijua kwamba hakitabonyezwa na mwingine. Alitazama vazi la kushoto na kofia yake, halafu la kulia. Alikumbuka vile vifungo chini ya kidevu chenye ndevu. Akabonyeza.

Uso ukawa wazi. Jioni zote za mchezo uso ule ulikuwa vitone vichache vya rangi tu, uso wa yeyote; sasa ulikuwa wa Manassé, nywele zimelowa, macho mekundu ya mtu aliyesimama muda mrefu bila kulala. Haukuwa uso wa jini. Ungekuwa wa jini, pengine ingekuwa rahisi zaidi. Alimtazama mama yake kama alivyokuwa akimtazama akiwa mdogo, anapotaka kwenda kucheza na hajapewa ruhusa.

"Enda, mwanangu," Agar akasema.

Alikwenda upesi. Wenye marungu hawakumfikia. Alipofika mtoni hakujaribu maji. Aliingia kama mtu anayeingia kwao, yakamfika kifuani, yakamfika shingoni, akapanda upande wa pili, akatoka pembeni mwa kioo. Hakugeuka nyuma. Mto ulibaki peke yake ukipita, kisha nao ukafifia, na katika kioo cheusi Agar akajiona mwenyewe amepiga magoti kwenye sakafu kavu.

Upande wa pili wa ukuta Émerence alikohoa, akavuta pumzi ndefu, na sauti ya Bokungu ikasikika ikimwita jina lake kwa kurudia-rudia. Baadaye msichana aliomba maji. Bokungu alimwinua kutoka kwenye kitanda kilichovunjika kwa mkono mmoja.

Agar alipita mbele yao. Alimgusa binti yake shavuni, akaona lina joto, akaendelea kutembea. Alitoka barazani, akashuka ngazi, akavua kitambaa chake cha kichwa, na katikati ya uwanja, mvuani, akafungua kinywa. Waliomsikia walisema hawakuwahi kusikia sauti kama ile. Wanawake waliokuwa wakingoja unga kwa jirani waliacha mabeseni yao wakaja mbio, wengine na watoto mgongoni, wakamkuta ameanguka kifudifudi kwenye tope la mvua ya kwanza.

"Ni nani amekufa, Mama Manassé?" mmoja akauliza akimwinua. "Ni Émerence?"

"Manassé," Agar akasema. "Mutoto yangu Manassé amekufa."

Wanawake walitazamana juu ya kichwa chake. Kisha yule aliyeuliza alivua ndala zake akaziweka kwenye baraza, na wengine wakavua za kwao. Waliingia ndani, wakatoa viti na meza nje, wakageuza televisheni ikatazama ukuta, wakamtuma mtu kwa pasta kuleta mikeka. Wakakaa chini wakimweka Agar katikati yao, wakaanza kulia pamoja naye, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza alikufa lini.